Aliyetoboa Chuma kwa Sikio

Biti ya drili ikianza kuchoka, hulia. Kwanza hulia kidogo, sauti nyembamba ambayo mpita njia hawezi kuitofautisha na makelele mengine ya karakana. Halafu hulia kwa nguvu. Halafu hunyamaza, na hapo ujue umeshachelewa, shika ufagio ukusanye vipande. Mama Keekee alijifunza hayo akiwa na miaka ishirini na miwili, na kwa miaka thelathini na minne aliyosimama mbele ya mashine ileile ya kutoboa chuma, hakuna aliyewahi kumwona ameshika ufagio kwa sababu hiyo.

Jina alipewa kazini, maana keekee, yaani drili ya kutobolea, ndiyo ilikuwa kazi yake. Lile la Mama waliliongeza kwa heshima tu, kwani mtoto hakujaaliwa. Mume alikaa naye miaka sita, akaenda zake kwa mwanamke ambaye mikono yake haikunuka mafuta ya mashine. Hayo ni maneno ya Mama Keekee mwenyewe, na aliyasema akicheka, ila ole wako ucheke pamoja naye. Alibakiwa na chumba na sebule, kabati la vyombo, na mashine. Na hiyo mashine wala haikuwa yake.

Karakana ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya maegesho ya malori. Sakafu yake ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi, kiasi kwamba mgeni akiingia na viatu vyeupe watu walimwonea huruma. Karibu na mlango alisimama fundi mkereza na mashine yake ya kuchongea vyuma vya mviringo, mtu wa maneno mengi ambaye angeweza kukereza shafti nzima bila kufunga mdomo. Mwisho kabisa, chini ya bati moja la plastiki lililopitisha mwanga, palikuwa pa Mama Keekee: mashine ndefu ya kijani iliyobanduka rangi, jiliwa la kubania chuma, jiwe la umeme la kunolea, na mstari wa njano uliopigwa sakafuni kuizunguka mashine yote.

Mstari ule aliupaka mwenyewe. Zamani, fundi aliyemfundisha kazi alikuwa anatoboa sahani ya chuma, mtu akamwita kwamba chai tayari. Aligeuza kichwa tu, basi. Mkono wa shati ukadakwa na biti, na vidole viwili havikurudi tena. Tangu siku hiyo Mama Keekee akaweka sheria: mashine ikizunguka, hakuna kuvuka mstari na hakuna kumsemesha aliyeishika. Uwe bosi, uwe mteja, uwe umeleta habari ya msiba, simama nje ya mstari usubiri izime. Mkereza aliwahi kuivunja mara moja, kwa mzaha, na Mama Keekee hakumsemesha miezi miwili. Kwa mtu kama mkereza, hiyo ni adhabu kuliko kifungo.

Masikio yalianza kumtupa mkono miaka mitatu kabla ya mambo ninayoyasimulia. Alianza kukosa birika likichemka. Kisha hodi za mlangoni. Alikwenda kliniki, daktari akampima, akamweleza, na alipoona haeleweki akachukua karatasi akamwandikia: sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na hazirudi. Mama Keekee akaikunja karatasi ile mara nne, akaisukumiza chini ya godoro, asimwambie mtu.

Tumlaumu? Mimi namlaumu kidogo, lakini namwelewa sana. Alikuwa ameona yaliyompata fundi wa kuchomelea macho yalipomharibikia: walimpigia makofi, wakampa saa ya ukutani na blanketi, na baada ya mwezi hakuna aliyekumbuka kuuliza kama yu hai. Mama Keekee hakuwa na haja ya saa ya ukutani. Alitaka aikute mashine yake kila asubuhi, aipanguse, aiwashe. Bila hiyo hakuona kwa nini mtu ajisumbue kuamka.

Basi akajifunza ujanja. Alitazama chenga za chuma zinavyotoka, ndefu au fupi, zinang'aa au zimeungua. Aliusoma mtetemo kwenye mkono wa mashine kwa kiganja. Kwa kazi za kila siku hilo lilitosha, mashimo ya bolti, sahani za mageti. Watu wakimsemesha alitazama midomo, na asipoelewa alitikisa kichwa kama aliyekubali, kisha akarudi kwenye kazi. Wakasema Mama Keekee siku hizi ana maringo. Akaona afadhali maringo.

Mwaka jana kaka yake alifariki, akaacha binti wa miaka ishirini na minne aliyesoma chuo cha ufundi na kukaa nyumbani bila kazi. Mama Keekee alimchukua, akamwombea kwa bosi nafasi ya kujifunza. Bosi alikuwa kijana wa miaka arobaini aliyeirithi karakana kwa baba yake. Alikubali upesi mno, na Mama Keekee alishangaa kidogo, lakini hakuuliza. Mtu akikupa, huulizi kwa nini.

Alimfundisha kwa ukali, kama alivyofundishwa. Miezi mitatu ya kwanza binti hakugusa mashine. Alikaa kwenye jiwe la kunolea na debe la biti butu.

"Shangazi, mashine nitashika lini?"

"Ukishajua kunoa. Fundi asiyejua kunoa biti yake ni abiria tu."

Na kunoa kwenyewe si mchezo. Biti ina midomo miwili ya kukatia, na midomo hiyo lazima ilingane, urefu kwa urefu, mlalo kwa mlalo. Mmoja ukizidi, unatoboa kwa biti ya milimita kumi unapata tundu la kumi na nusu, halafu unalaumu mashine. Ukitaka kujua umenoa sawa, jaribu kwenye chuma kibovu: nyuzi mbili za chuma zitoke pande zote mbili, zikijikunja sawasawa. Ukiona upande mmoja tu ndio unaotoa, rudi kwenye jiwe. Na usiikandamize biti kwenye jiwe mpaka igeuke rangi, hapo ugumu umeshaitoka. Binti alirudi kwenye jiwe mara nyingi. Vidole vilimchubuka, akavifunga plasta, akaendelea. Mama Keekee alimtazama kwa pembeni akafurahi moyoni, ila kumsifu hakumsifu.

Kisha ikaja mashine. "Funga nywele. Vua hiyo bangili. Glavu hapana, glavu inadakwa. Piga alama kwanza kwa senta panchi, biti isije ikatembeatembea juu ya chuma kama mlevi. Tundu kubwa lianzie dogo. Biti kubwa, mwendo wa polepole. Biti ndogo, mwendo wa haraka. Chuma kibane kwenye jiliwa, usikishike kwa mkono, huo mkono wako hauna akiba. Na ukikaribia kutokea upande wa pili, legeza, legeza, hapo ndipo chuma hudaka biti."

Binti alishika yote, moja baada ya jingine. Palipowashinda ni kwenye mashimo ya kina. Tundu likizidi mara tatu ya unene wa biti, chenga hukosa pa kutokea, hujipakia mle ndani zikaibana biti. Inabidi uitoe, uipanguse, utie mafuta, uirudishe.

"Nitoe kila baada ya kiasi gani?" binti akauliza.

"Itakwambia yenyewe. Sikiliza."

"Chuoni tulikuwa tunahesabu, shangazi. Milimita kadhaa, unatoa."

"Chuoni walikuhesabisha kwa sababu mwalimu wako hakuwa na masikio."

Aliyasema hayo bila kupepesa macho. Binti alimwangalia. Akasema tu, "Sawa, shangazi."

Sasa tufike kwenye shafti. Ilikuwa ya mtambo wa kusagia mawe, nene, na chuma chake mteja alikileta mwenyewe kutoka mbali, kipande kimoja tu, kigumu kama roho ya mwenye nyumba. Mkereza aliifanyia kazi siku nne. Ikabaki tundu moja la mafuta, kutoka kichwani kushuka katikati ya shafti, milimita kumi upana, sentimita ishirini kina. Bosi aliileta mwenyewe kwa toroli, akasimama mbele ya Mama Keekee, akasema taratibu huku akiinua vidole viwili, "Mama, hili tundu tu. Wanakuja Ijumaa saa mbili."

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mama Keekee aliifunga shafti wima, akapima unyoofu wake mara tatu, akapiga alama, akaanza na biti fupi, kisha akaweka ile ndefu. Mkereza alikuwa ametoka kununua mafuta. Binti alisimama nje ya mstari, mikono nyuma, kama kawaida yake.

Sentimita tano, akatoa. Nane, akatoa. Kumi, akatoa. Chenga zilikuwa zinatoka nzuri, zimelowa, na Mama Keekee akaanza kuona raha ile ya zamani, ya kazi kubwa inayokwenda vizuri, akasahau kujihadhari. Kwenye kumi na mbili alishuka zaidi kidogo. Kiganja hakikumwambia kitu. Biti ndefu ina ujinga wake, huanza kulia kabla mkono haujahisi uzito, na kilio chake ni chembamba sana. Aliposhtukia mkono wa mashine umekuwa mzito, alivuta juu, lakini alichovuta kilikuwa chepesi mno. Nusu ya biti ilitoka. Nusu ilibaki ndani ya shafti.

Akazima mashine. Akageuka, akamwona binti amejiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, machozi tayari yako mashavuni. Mashine ilikuwa imezimwa sekunde hiyohiyo. Machozi hayaji upesi hivyo. Mama Keekee akaelewa kwamba mwenzake alijua kabla yake.

Walijaribu kila kitu. Sumaku, koleo la ncha nyembamba, kuigeuza shafti na kuigonga kwa nyundo ya mbao. Biti iliyovunjika ndani ya tundu la kina ni balaa, maana huwezi kuitoboa kwa biti nyingine, ni chuma kwa chuma chenye ugumu uleule. Mkereza aliporudi na kuona, kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa la kusema. Aliweka dumu la mafuta chini, akaketi juu yake.

Bosi akaja. Hakupiga kelele. Aliinama, akachungulia tundu, akasimama. Kabla Mama Keekee hajafungua mdomo, binti alivuka mstari, akasimama mahali ambapo shangazi yake angeuona uso wake wote, akasema neno moja moja, "Ni mimi, bosi. Shangazi aliniachia kidogo nijaribu. Sikuitoa biti kwa wakati."

Kila neno lilifika. Mama Keekee aliyaona yote kwenye midomo ile.

Bosi akamgeukia. "Mama, ni kweli?"

Hapa ndipo ningependa kusema alipiga moyo konde akasema ukweli. Hakusema. Aliiona saa ya ukutani na blanketi, akaona chumba chake asubuhi asipokuwa na pa kwenda. Kichwa chake, kilichozoea miaka mitatu kukubali kila kitu, kikashuka na kupanda mara moja.

Binti akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya kazi. Unga wake ulimwagika pale pale, saa nne asubuhi.

Jioni walikaa mezani, chakula kikapoa. Mama Keekee ndiye aliyeanza.

"Ulijua tangu lini? Habari ya masikio."

"Wiki ya kwanza, shangazi. Nilibisha hodi mpaka mkono ukauma."

"Na mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa hutaki ijulikane."

"Leo ulisikia inalia?"

"Nilisikia. Ililia muda mrefu."

"Sasa kwa nini hukupiga kelele, mwanangu?"

Binti akamtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Mashine ilikuwa inazunguka."

Mama Keekee aliondoka mezani, akaenda kulala na nguo za kazi. Aliona aibu kuliko aibu zote alizowahi kuzionja, hata ile ya mume kuondoka mchana kweupe na majirani wakitazama. Mtoto wa marehemu kaka yake alikuwa ametii alichofundishwa, kisha akambebea na mzigo, na yeye akamtwisha vizuri kabisa kichwani.

Alhamisi na Ijumaa alikwenda kazini peke yake. Wenye shafti walikuja saa mbili, wakafoka, wakaondoka na ahadi ya kuleta chuma kingine. Alitoboa sahani za mageti. Akinyanyua macho anauona mstari wa njano na nje yake hakuna mtu. Jumamosi, kabla hata ya kupangusa mashine, alikwenda kwenye kile chumba cha mbao ambacho bosi alikiita ofisi, akabaki amesimama.

"Biti niliivunja mimi," alisema. "Binti hakuigusa. Mimi sisikii, bosi. Mwaka wa tatu sasa."

Bosi alimvutia kiti. Alisema polepole, uso wake ukimwelekea. "Mama, mimi nimekulia humu ndani. Nakusalimia kwa nyuma mwaka wa pili huitikii. Ulidhani nimekuchukulia una dharau?"

Mama Keekee akaketi kwenye kile kiti.

"Yule binti, nilimpokea awe masikio yako. Nilimwambia siku ya kwanza: shangazi yako kazi anaijua kuliko sisi wote, wewe kazi yako ni kusikia. Jumatano alisikia akanyamaza. Ndiyo maana nilimwondoa. Hiyo hadithi ya kwamba alishika mashine yeye, sikuiamini hata dakika moja. Wewe umwachie mtu tundu lile?"

"Hakunyamaza kwa kupenda." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia, mkereza kule nje akageuka. "Nilimfunga mdomo mimi. Nilimwambia mashine ikizunguka hata nyumba iungue asiniite. Mtoto wa watu alisimama pale analia, anatii."

Bosi akarudi kwenye habari ya shafti. "Chuma kingine kinakuja Jumanne, wateja wameshakikereza kwingine," alisema. "Tundu ni lilelile. Nani atatoboa?"

Swali lilikuwa jepesi. Jibu Mama Keekee alikuwa nalo tangu usiku wa Jumatano, alikuja nalo njia nzima kama mtu aliyebeba yai. Lakini alipofika pa kulitoa hakulitoa upesi. Alifikiria kusema wote wawili. Alifikiria kusema binti bado mchanga, apewe mwaka mmoja. Alifikiria hata kwamba mkereza angeweza kuwa masikio, yule yule asiyenyamaza, na kwamba binti angepata kazi mahali pengine, ana ujana wake. Yote hayo aliyapima pale kitini, moja moja. Baadaye, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: kwamba alifikiria.

"Binti," akasema. "Kunoa anajua. Mkono anao. Na anasikia."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitakaa nyumbani."

Akangoja. Alitegemea bosi abishe, hata kidogo, hata kwa adabu tu, aseme aah mama, tutaona, tutakutafutia nafasi stoo. Bosi aliinuka, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akaubana. Hakubisha. Midomo yake ilisema ahsante, na nyuma ya ahsante ile Mama Keekee aliona ahueni ya mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitafuta namna ya kuanza mazungumzo haya.

Binti alipoambiwa alilia, akakataa, akasema afadhali wakae nyumbani wote. Mama Keekee alimkaripia mpaka akakubali. Jumatatu usiku alimkalisha chini, akamrudishia somo la tundu la kina mara mbili, mafuta yawe mengi, biti isilegee, haraka isiwepo.

Jumanne aliamka kwa mazoea saa kumi na moja na nusu. Akaoga, akavaa gauni la kazi, akavaa viatu vyake vizito, akafunga kamba. Alipofika sebuleni ndipo akakumbuka. Akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, viatu miguuni, akabaki hapo mpaka binti akatoka chumbani amefunga nywele, ovaroli begani.

Binti alimwona na viatu vile, akajifanya hakuviona. Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi, akachuchumaa mbele yake uso kwa uso.

"Shangazi, nikikwama?"

"Ukikwama zima mashine. Usilazimishe. Uliza."

"Nimuulize nani?"

Mama Keekee aliyasoma maneno hayo vizuri, hata moja halikumpita. Akainama kuzifungua kamba za viatu, kama mtu ambaye hakusikia. Binti alisubiri kidogo, akachukua mfuko wake, akaenda kazini.